Sutton Zote za Mzee Harold

Jumapili, Kensington ya huku kusini mwa Afrika

Na leo tena sikufika kanisani. Binti yake Mzee Harold alitoka asubuhi na rimoti ya geti, ambayo bila hiyo sitoki, akasema anarudi sasa hivi. Amerudi giza limeshaingia. Eish.

Basi nimeshinda ndani na huyu mzee ninayemtunza, na ramani yake ya Uingereza. Babu wa babu yake alitoka kijiji kinachoitwa Sutton, na Sutton ziko nyingi mno. Anasema jina lilimaanisha shamba la kusini tu, kwa hiyo watu waliolima upande wa kusini walipaita hivyo, huku na kule. Kila Sutton ina kanisa lake na makaburi yake. Amezisoma miaka na miaka, bado hajui ipi ni yao.

Nikamuuliza kama tunavyoulizana Burundi, maana vilima vyetu navyo hufanana majina: "Huyo babu alikuwa mtoto wa nani? Majirani zake ni kina nani?"

Akajibu: "Hakuna aliyeniambia."

Nilimwonea huruma, halafu hasira ikanipanda. Pasipoti yake iko kwenye droo ninayoifuta vumbi mwenyewe. Akitaka, kesho anapanda ndege akazizunguke zote.

"Wewe una bahati," akaniambia. "Kwenu unakujua."

Nakujua. Najua mlango wetu unakwama upande gani mvua ikinyesha. Namjua hata anayeufungua siku hizi, maana ndiye aliyetufukuza.