Siku Kumi na Sita kwenye Basi la Wazee

Yeoville, Johannesburg
Oktoba 2018

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Na pokea shikamoo nyingine juu yake, maana ya kwanza ni ya umri na ya pili ni ya kukubembeleza. Hujambo? Na goti nalo halijambo? Naliuliza goti peke yake kwa sababu nakujua, ukiulizwa hali utasema nzuri hata kama umeshinda kitandani tangu alfajiri. Shemeji kifua kimetulia? Mvua za vuli zimeanza huko Ngamiani, au bado mnanunua maji?

Mimi mzima. Msimu wa sare umeanza, shule tatu zimeleta oda kwa mkupuo, na mafundi wangu watatu wanashona tangu saa moja asubuhi. Nakuandikia kwenye meza ya kukatia, nimesukuma vitambaa kando. Barua anakuja nayo Bi Rukia wa duka la tatu kutoka langu, anakwenda Tanga kumwoza mwanawe. Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu yangu huipokei. Nimepiga mara kumi na saba tangu nirudi. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Mwanao Mwajuma ameniambia unavyosema: "Zuhura ameila Hija yetu kwa barafu ya Ulaya." Umeiona ile picha ya Roma, nimeshika barafu ya maziwa, nacheka. Dada, barafu ile nililamba mara mbili tu, ikadondoka. Pesa za Hija ziko palepale zilipokuwa, hata senti haijaguswa. Ulaya nimeenda kwa sare za watoto wa watu. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimeumia na sikusema. Mwaka huu, mwezi wa Ramadhani, nilikupigia kwa furaha kwamba tumetimiza, tujiandikishe twende. Miaka tisa tulikuwa tunaisema safari ile. Ukanijibu kwa sauti ya mtu anayekataa chai: "Mimi sasa ni mzigo. Nenda peke yako, uniombee." Ukaenda ukazichukua karatasi zako kwa Ustadhi wa kundi la Hija bila kuniambia. Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne, uliyenibeba mgongoni hadi chuo cha Kurani, ndiye wa kuniambia habari za mzigo?

Niliudhika wiki mbili. Kwenda Hija bila wewe sikuweza, na kukaa kitako na hasira sikuweza. Siku moja natoka kununua zipu, nikapita kwa wakala wa safari, dirishani ameweka picha ya basi kubwa na wazee wamekaa wanatazama bahari. Chini yake wameandika kwamba ni safari ya polepole, kutoka Roma mpaka Lisbon, ina mtu wa kuwaongoza, na kila kitu kimepangwa. Nikaingia. Nilitoka na risiti kabla hasira haijapoa. Ndivyo ilivyokuwa, sikufichi.

Polepole walisema kweli. Siku kumi na sita, kilomita elfu mbili mia tisa na ushei. Gawanya uone: kwa siku ni kama nusu ya Tanga na Dar es Salaam. Basi linakwenda saa moja na nusu, linasimama. Watu wanakunywa kahawa, wanakwenda msalani, wanapiga picha kanisa, wanapanda tena. Karibu wote ni wastaafu wa hapahapa Afrika Kusini. Wazungu wengi, Wahindi wachache wa Durban, na Mwafrika mmoja, ambaye ni mdogo wako. Basi lina viti arobaini na nne. Sisi tulikuwa arobaini na watatu. Kile kitupu kilikuwa cha pembeni yangu.

Aibu yangu ya kwanza ilikuwa siku ya pili. Nilishuka hotelini mapema, nikaingia kwenye basi, nikatandika kanga yangu kwenye kiti cha mbele kabisa, kama tunavyofanya stendi tukitaka kuona njia, kisha nikaenda kunywa chai zangu kwa raha. Niliporudi nikakuta vikongwe wawili wa Kizungu wamesimama, mmoja na mkongojo, wanaitazama ile kanga kama mtu anayemkuta paka amelala kwenye kiti chake. Paola, yule Mtaliano aliyetuongoza, akanieleza kwa adabu kwamba kwenye basi hili hakuna wa kuwahi. Kila asubuhi kila mtu anasogea safu mbili nyuma, wa nyuma wanarudi mbele, ili wote wapate zamu ya kioo kikubwa. Siku hiyo mbele palikuwa pa wale vikongwe. Mimi nilikuwa safu ya nne. Nikapiga hesabu palepale, zamu yangu ilikuwa siku ya sita.

Niliikunja kanga huku uso unaniwaka. Yule mwenye mkongojo akanishika mkono, akauliza maandishi yale yanasema nini. Nikamwambia ni methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akacheka mpaka akakaa. Akasema basi leo yeye ndiye mwenyeji na amepona, maana alidhani kiti kimeuzwa.

Hivyo ndivyo nilivyowajua. Mwenye mkongojo anaitwa Hettie, ana miaka themanini na mmoja. Mdogo wake ni Marie, wa sabini na sita. Ni ndugu wa tumbo moja, wanatoka Bloemfontein. Ndiyo, dada, Makaburu hasa, wale tuliokuwa tukiimba shuleni waondoke. Hapa wanawake wa umri wao huitwa tannie, yaani shangazi, na mimi nikawaita hivyohivyo.

Si wote waliokuwa kama wao. Mama mmoja aliniuliza mezani, mbele za watu, nimekuja kumhudumia nani kati ya wale ndugu wawili. Nikamwambia mimi ni mwajiri, nina watu watatu, na kwa sasa sihitaji wa nne. Tannie Marie akapaliwa na supu. Lakini neno lile nililala nalo. Miaka kumi na tisa kwenye nchi hii, nimeanza na cherehani moja ya kukodi kwenye chumba cha Berea tulichoishi watu sita, na bado mtu akiniona kwenye kiti cha starehe anatafuta nani kanileta.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Tannie Hettie nyonga zake zimekufa. Ngazi zikizidi kumi hapandi. Na Ulaya ya kusini, dada, ni ngazi tupu. Basi wale ndugu wana utaratibu wao, na wameufuata tangu Hettie alipoanza mkongojo. Wakifika mahali, Hettie anatafutiwa kiti, kwenye mkahawa au kwenye basi. Marie anapanda. Akirudi anakaa mbele ya dada yake na kumhadithia kuanzia mlangoni, bila kuruka. Hettie anauliza: kulinuka nini? Nani alikuwa analinda mlango? Sakafu baridi? Marie asipojua, anarudi kutazama. Nimemwona kwa macho yangu akipanda mara ya pili mnara wa kanisa kule Florence, kwa sababu dada yake ameuliza kengele zilikuwa ngapi.

Mwanzoni niliwacheka moyoni. Mimi nilipanda kila kitu peke yangu, nikapiga picha, nikashuka. Jioni nikizitazama picha nashindwa kujua ipi ni ya wapi.

Siku ya kumi na moja tulikuwa Granada, Hispania. Hapo juu ya kilima kuna majumba ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, wanayaita Alhambra. Asubuhi hiyo Tannie Marie aliamka na homa, akabaki kitandani. Hettie akang'ang'ania kuja, akakalishwa kwenye benchi langoni, chini ya kivuli. Nilipokuwa napita akaniita.

"Zuhura, leo nenda na macho yangu," akasema. "Ila usije ukaniambia pazuri. Pazuri si habari."

Nikaingia na jukumu shingoni. Dada, nilitembea tofauti. Nilitazama kama ninayekagua mshono wa bibi harusi. Kuna ua wenye simba wa mawe kumi na wawili, wamebeba beseni la maji migongoni, na hakuna simba wawili wenye uso mmoja. Kuuzunguka ua kuna nguzo nyembamba, nikazihesabu mara mbili, mia moja ishirini na nne. Maji yanapita kwenye mfereji ulio sakafuni, mwembamba kama kiganja, hayana kelele. Kuta zimechongwa chokaa kama lesi. Nikasogea kutazama lesi ile imerudiwarudiwa vipi, nipate kumweleza.

Haikuwa lesi. Ni maandishi. Mwenyeji wa pale aliyetutembeza alijua maana yake kwa kukariri, kuyasoma hawezi. Mimi nikasimama pale, nikaanza kuyafuata kwa kidole hewani, lamu, alifu, ghaini, mpaka yakajiunga: *Wa la ghaliba illa Allah*. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nikayasoma kwa sauti. Wenzangu wakageuka.

Na unajua nilisoma kwa sauti ya nani? Ile ile ya kuvuta. Ya jioni za uani, ulipokuwa ukiniandikia alifu kwa mkaa kwenye ubao, unanipiga kidogo kwenye vidole nikiruka. Nimetazama mambo mengi katika siku kumi na sita, lakini pale nilitafuta mkono wa kuushika, na pembeni yangu hapakuwa na mtu.

Nilipotoka nikamhadithia Tannie Hettie yote, kuanzia langoni. Nilipofika kwenye maandishi nikamsomea kwa sauti kama nilivyoyasoma kule ndani. Halafu akaniuliza, "Nani alikufundisha kusoma?" Nikamwambia dada yangu. "Yuko wapi?" Yuko nyumbani, goti linamsumbua, hataki kusafiri nami, anasema ni mzigo.

Akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie mzigo hauulizi maswali. Marie akiwa peke yake hupita tu, kama mtu anayevuka barabara kwenye robot (ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani). Anatazama kwa sababu anajua mimi nitamuuliza."

Nilimsaidia kusimama, tukarudi kwenye basi mdogomdogo. Toka benchi hadi mlango wa basi ni hatua mia mbili na sita kwa mwendo wake, tulitumia dakika kumi na nne, na basi zima lilingoja. Hakuna aliyeguna. Hata yule mama wa mezani alimshikia mlango.

Kwa hiyo, dada, nakuomba unisikilize kama mtu anayefanya biashara, kisha kama mdogo wako. Mwezi wa Agosti mwakani ndiyo Hija. Nimeshaongea na Ustadhi. Anasema kundi la mwaka huu lilikuwa na viti vya magurudumu vitano, na mmoja aliyekuwa kwenye kiti ana miaka themanini na tatu. Kaka Salimu atatia saini barua zetu za ruhusa ya kusafiri bila mwanamume wa ukoo, nimeshamwambia, amekubali kabla sijamaliza sentensi. Tawafu ni mizunguko saba, Safa na Marwa mara saba. Kusukuma nitasukuma mimi. Hii miguu imekanyaga cherehani miaka thelathini, haijaomba likizo. Inatutosha sote wawili.

Kaaba sitakusimulia, hiyo utaiona mwenyewe. Lakini pango la Hira liko juu ya mlima, na huko kiti hakifiki. Huko nitapanda mimi. Wewe utakaa chini na maswali yako, nami nikiruka kitu utanipiga vidole.

Desemba tarehe kumi na tano nafunga duka, nakuja. Nitakaa hadi mwaka mpya. Hasira ulizonazo nizikute, usizimalize kwa kuwaambia majirani. Na mimi zangu nakuja nazo, tuziweke mkekani pamoja tuone nani anazo nyingi. Ila nikifika nataka nikute karatasi zako zimerudi kwa Ustadhi. Ukitaka kukataa, kataa huku unanitazama.

Nisalimie shemeji, mwambie asiache dawa ya kifua kwa sababu tu amepata nafuu. Mwajuma mwanetu, mwambie nguo yake ya harusi nimeikata, anitumie kipimo cha kiuno cha kweli. Kaka Salimu na mkewe. Na mwalimu wetu wa chuo kama bado anatoka, mwambie yule mtoto aliyekuwa akilia kwenye lamu-alifu amesoma ukuta wa mfalme.

Na jambo moja la mwisho. Tangu nirudi, watu wa huku wameniuliza safari iligharimu kiasi gani. Watu wa huko wameuliza nimeleta nini. Nina siku kumi na sita kifuani, nimezitazama vizuri tangu ile ya kumi na moja, na hakuna aliyeniuliza kulinuka nini.

Pokea simu, dada. Uliza.

Mdogo wako uliyemlea,
Zuhura