"Mimi na Dawa Wapi na Wapi"

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada kabla mambo hayajaniharibikia kabisa, mimi naendesha kreni kwenye yadi ya makontena, bangi sijawahi kuigusa, pombe naisikia harufu tu kwa majirani, sasa wiki iliyopita tukapimwa mkojo kazini ghafla, na muuguzi kabla hajanipa kikopo akaniuliza, "Unatumia dawa yoyote?" nami, wenzangu wakiwa foleni nyuma yangu, nikamjibu, "Dada, mimi na dawa wapi na wapi," wakacheka, nikaingia chooni kifua mbele, kumbe majibu yakatoka kwamba nina dawa za kulevya za jamii ya heroini, msimamizi akaninyang'anya kadi ya getini, akaniambia nisubiri kikao cha nidhamu Ijumaa, na nyumbani mke wangu haniulizi kitu ila nikishika kikombe anatazama mikono yangu kama inatetemeka, hilo ndilo linaloniua, maana mwezi huu nimekunywa dawa ya kikohozi tu niliyoandikiwa na daktari, ina kodeini, chupa iko juu ya kabati la vyombo, sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, amejitolea kunipa mkojo wake niupenyeze kwa siri wakinipima tena, je, nikubali?

Mwendesha kreni

Marahaba, mwanangu. Nimekucheka kidogo, kisha nikakuonea huruma. Uliulizwa dawa, wewe ukasikia dawa za kulevya, ukajibu ili foleni ikusikie. Siku nyingine taja kila unachomeza, hata vidonge vya mafua.

Kama unayosema ni kweli, nami naamini ni kweli, basi kazi yako haijapotea. Kodeini na heroini ni ukoo mmoja, na kipimo cha haraka kinatambua ukoo tu, hakijui nani ni nani humo ndani. Kipo kipimo cha pili cha maabara kinachowatenganisha. Kesho asubuhi nenda kazini na chupa pamoja na cheti cha daktari, omba kwa maandishi sampuli ileile ipimwe tena maabara, na kikao kisubiri majibu.

Mkojo wa shemeji uache hukohuko kwa shemeji. Ukikamatwa nao utafukuzwa kwa udanganyifu hata kama wako ni safi. Tena mtu aliyejitolea upesi hivyo, mimi ningemwuliza kwanza amejifunzia wapi.

Na hapa sikubembelezi. Kodeini inasinzisha, nawe ulipanda kreni na makontena yakapita juu ya vichwa vya watu bila msimamizi kujua. Liseme hilo mwenyewe kikaoni, usingoje kuulizwa.

Lakini leo, kabla ya yote hayo, iteremshe ile chupa. Mkeo hakuulizi kwa sababu analiogopa jibu. Mwambie, "Mke wangu, natumia dawa," kisha umpe chupa aisome mwenyewe.