Kwa Hooyo, Uliyenifunga Dola Kiunoni

Mpendwa Hooyo, mama mkwe wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu bado ni kile ulichokicheka, cha kuomba chumvi na kuita watoto. Tuliishi ua mmoja hapa Garissa, tukakosana, tukapatana, na yote tuliyafanya kwa Kiswahili: changu cha kwetu Hola, chako cha sokoni. Sasa umetangulia mbele ya haki, na kuna jambo moja la safari yetu ya Mandera ambalo bado silielewi. Kila nikidhani nimelishika, linanigeukia.

Abdullahi mwanao aliponileta kwenu ulinipokea kwa adabu, lakini si kwa furaha. Ulikuwa umekaa miaka mingi sokoni ukibadilisha fedha: shilingi yetu, shilingi ya Somalia, birr ya Ethiopia, dola. Ulizitambua noti kwa kidole gumba, bila hata kuzitazama. Nyumbani ukinituma nyanya, nikirudi unahesabu chenji mbele yangu, kisha unaihesabu tena. Hukuwahi kunitukana. Ulihesabu tu. Nilizoea, ila sikupenda.

Ndipo mdogo wako, habaryar Sahra, mama mdogo wa Abdullahi, alipougua ng'ambo ya mpaka akavushwa hadi Mandera kupasuliwa. Kliniki ilitaka fedha kabla ya kumgusa, na mtandao wa simu kule ulikuwa umekatika, kwa hiyo pesa ilibidi zisafiri na watu. Abdullahi hakupata ruhusa kazini. Ukasema utakwenda na mimi.

Asubuhi ya safari ulinivuta chumbani ukafunga mlango. Noti ndogo ndogo ukazitia mkobani mwako, za chai na choo. Akiba yako ya dola, noti chache zisizovimba, ukaikunja kwenye kitambaa na kunifunga kiunoni, chini ya dera.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Besa kubwa inakaa kwa mtu hakuna anaangalia," ukasema, ukikaza fundo. "Mimi wananijua mbaka Wajir. Wewe nani anakujua?"

Nilitoka mle chumbani sijui kama nimeaminiwa au nimedharauliwa.

Ndani ya basi mkono wangu haukutulia. Kila tulipotikisika nilijipapasa kiunoni, mpaka ukanipiga kofi dogo la mkono. "Naa, toa hapo! Ukishikashika, mwizi anajua duka iko wapi." Nikaukalia mkono wangu.

Modogashe tulishuka kunywa chai. Ulilipa, tukakaa, tukanyanyuka, ukalipa tena. Muuza chai alitukimbilia hadi mlangoni mwa basi. "Ayeeyo, bibi, umeshalipa!"

"Najua," ukamjibu. "Nilitaka kuona kama utarudisha."

Abiria wakacheka. Nami nikacheka, na nikakuona mjanja.

Halafu Wajir, mchuuzi mmoja alikuletea noti za birr akiomba umbadilishie, maana hakuwa na pesa nyingine ya nauli. Ulipapasa moja tu ukamrudishia. "Hii ilikufa. Huko kwao hawachukui tena." Aliapa kwamba ni nzuri, ukamwonyesha alama ya noti ya zamani, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha ukatoa noti mkobani ukampa nauli, ukaniambia nisimwambie Abdullahi. Mtu aliyefanya hayo, Hooyo, akili yake ilikuwa timamu. Au sivyo?

Mandera tuliingia kwenye duka la kubadilishia fedha. Nikafungua kitambaa nyuma ya pazia. Mwenye duka akataka kukata bei kwa noti moja iliyochanika pembeni, ukagombana naye kwa Kisomali mpaka jasho likamtoka, ukashinda. Akazipanga shilingi mezani. Ukaanza kuhesabu. Ukasimama. Ukaanza upya, ukasimama tena.

"Mbona analeta birr?" ukaniuliza.

Zilikuwa shilingi, Hooyo. Shilingi zetu za kila siku. Mwenye duka alinitazama, kisha akainamisha macho.

"Ni shilingi, Hooyo," nikakunong'oneza.

Ulizikodolea macho kwa muda. Kisha ukazisukuma zote upande wangu. "Shika wewe. Wewe ni binti yangu. Mimi nimechoka kuhesabu."

Binti yangu. Hukuwahi kuniita hivyo. Nilihesabu huku herufi za noti zikiniyeyukia machoni. Tukalipa kliniki, habaryar Sahra akapasuliwa, akapona. Safari nzima ya kurudi nilikaa kando yako nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Swali la birr nikalisahau. Nani angelikumbuka, baada ya neno lile?

Kisha ukaanza kuniita Halima. Binti yako wa pekee, aliyefariki kabla sijaolewa, ambaye picha yake hukutaka itundikwe ukutani. Mwanzo ulijisahihisha. Baadaye ukaacha. Ukawapa wajukuu birr wakanunue mandazi, wakarudi wakilia kwamba muuzaji amewafukuza. Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu huanza polepole, watu wa nyumbani hawajashtuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia safari yetu kituo kwa kituo. Dukani pale, uliposema binti yangu, ulimwambia nani? Abdullahi ananipa moyo: "Angekuwa anamwona Halima angesema Kisomali. Hooyo hakuwahi kuongea Kiswahili na Halima." Nikatulia kwa siku moja. Kisha nikakumbuka kwamba mwishoni ulimsemesha kila mtu Kiswahili, hata mbuzi.

Nilimuuliza habaryar Sahra alipokuja matangani. Akafikiri, akasema kwamba siku ile ulimwinamia kitandani ukamuuliza kama Halima ameshakula. Kisha akaongeza kwamba jioni ile ile ulimwambia yeye huyo huyo kwamba Abdullahi ameoa vizuri. "Zote mbili alisema," akasema. "Sasa mimi nikuchagulie gani?"

Wakati mwingine nafikiri ulijua. Uliziona shilingi zikigeuka birr mbele ya macho yako, wewe uliyezijua kwa kugusa tu, ukaogopa, ukamkabidhi mtu aliyekuwa karibu. Hapo sikuwa binti wala mkaza mwana. Nilikuwa mikono tu. Hata hilo ningelikubali, kama ningekuwa na hakika nalo.

Na zile siku zako za mwisho ndizo zilizonichanganya kabisa. Nilikuletea uji, ukanitazama kama mgeni. "Wewe nani?" Watu walikuwa wameniambia nijibu Halima, kwamba jina hilo linakutuliza. Lilikuwa mdomoni tayari. Likakataa kutoka.

"Mimi ni Rehema."

"Halima iko wapi?"

"Hayupo, Hooyo."

Nilingoja ulie. Ulichukua kikombe, ukanywa kidogo, ukanitazama tena kwa makini, kuanzia ushungi hadi miguuni.

"Haye," ukasema. "Hata Rehema ni mzuri."

Nilikwenda jikoni nikasimama nimeshika sufuria, sijui nicheke au nilie. Mpaka leo sijui. Ulikuwa umenitambua, au ulikuwa unamfariji mgeni?

Pumzika, Hooyo, mahali pasipo na noti za kutambua. Ukikutana na Halima, mwambie sikukusudia kukaa mahali pake. Mwambie kama nilikaa, ni wewe uliyeniambia nikae, na mimi niliitika.

Mimi, mke wa Abdullahi, au yeyote yule uliyemwona siku ile.