Damu ya Mzee kwa Harusi ya Sindano

Nyumba ya mlango wa bluu,
Mtaa wa Juu.
Jumapili, tarehe 23, mwezi wa pili.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Pacha,

Pokea salamu zangu, uzigawe kwa pacha wako bila kumpunja mmoja. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua, au zile mashine mpya za kufulia hapo hospitalini zimekupunguzia kuinama? Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisoma kwa sauti dirishani ili jirani ajue nami nina mtu mbali anayenikumbuka. Sisi huku tu wazima. Nasema hivyo kwa kuanzia.

Nianze na binti yako Sindano. Tangu afungue duka lake la kushona nguo za harusi, hata mimi niliyemzaa nimeanza kusahau jina nililompa. Watu wanatoka mitaa ya mbali kumfuata. Najisifu, najua, lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma hii nimeiwamba mwenyewe kwa miezi tisa.

Ungeliona daftari lake. Amebandika vipande vya vitambaa kwa majira ya mwaka, kila majira na ukurasa wake. Kiangazi ni rangi ya maziwa na manjano ya kiini cha yai, na nguo nyepesi za kupitisha upepo. Masika ni kijani cha jani bichi, upindo uishie juu ya kifundo cha mguu, matope yakose pa kushika. Kipupwe ni rangi nzito, na makoti mafupi ya mahameli kwa ajili ya baridi. Bibi harusi akija na rangi sita kichwani, Sindano humwambia, "Dada, rangi mbili zizungumze, ya tatu isikilize. Ya nne ni umbea." Hayo hakufundishwa shuleni. Ameyatoa kwa baba yake, shemeji yako, ambaye amepaka nyumba za watu rangi tangu sijamjua.

Kwa harusi yake mwenyewe alichagua kipupwe, mwezi wa saba. Yeye gauni la rangi ya maziwa, wasimamizi wake wasichana magauni laini ya damu ya mzee na makoti ya mahameli ya kijivu, wanaume suti za kijivu hichohicho, kijivu cha jivu lililopoa. Maua makavu, hakuna mabichi. Nilipoona vile vipande vitatu vimelala pamoja mezani nilijua hakuna harusi mtaani kwetu itakayotukaribia.

Ila jina la ile rangi. Siku upande wa mkwe walipokuja kutazama vitambaa, shangazi wa bwana harusi alilishika lile jora kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Hii si damu ya mzee? Mnaivaa harusini? Madukani rangi zimekwisha?" Shemeji yako, kwenye kiti chake cha pembeni, akasema, "Shangazi, mzee ni mimi na damu ni yangu. Mwenyewe sijalalamika." Tulicheka mpaka shangazi naye akacheka. Mzee alicheka kuliko wote, kicheko kikageuka kikohozi, akatoka nje kukimalizia huko. Mimi nikadhani chai imempalia.

Baada ya hapo alimwomba Sindano masalio ya kile kitambaa. Akashonewa leso sita, mraba mraba, zimepindwa vizuri. Zile zake nyeupe sikuziona tena. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikawa napita kwa majirani nikiwaambia watazame baba anavyompenda mtoto, harusi bado miezi saba na yeye tayari anatembea na rangi yake mfukoni. Mama Pacha, nililisema hilo kisimani, nikalisema kwa msusi, nikalisema hata kwa yule shangazi.

Halafu likaja jambo la suti. Sindano alimpima baba yake mwezi wa kumi na mbili. Wiki tatu baadaye akamjaribisha, suruali ikateremka. Akapunguza kiuno. Akamjaribisha tena, ikateremka tena. Akasema futi yake imelegea kwa kutumika, akanunua nyingine. Futi mpya nayo ikasema yaleyale. Mtoto akamtania, "Baba, unajikondesha kama vile wewe ndiye unayevaa gauni." Mzee akamjibu kwamba anataka apendeze pichani. Nami nilikuwapo, nimeshika pini mdomoni, nikacheka bila kuzitoa.

Jumanne ya juma lililopita niliziloweka zile leso. Nilipozigusa tu, maji yakawa mekundu. Hasira zilinipanda. Nikaona wasichana wa watu siku ya harusi, jasho limewatoka na rangi inawatiririka miguuni, na shangazi amesimama pale amejishika kiuno. Nikaikamua leso moja, nikaenda nayo mkononi hadi kwa muuza vitambaa.

Duka lilikuwa limejaa, na unanijua. Nikamwambia mbele za watu, "Umeniuzia kitambaa kinachochuja. Mimi, mama yake Sindano, mimi ndiye wa kuuziwa kitu kinachochuja?" Hakubishana. Alishusha jora lilelile, akakata kipande, akakitia kwenye beseni, akakisugua kwa sabuni, akakikamua mpaka mishipa ikamsimama mikononi. Kisha akaniinamishia beseni nione. Maji yalikuwa na povu jeupe tu. Kitako cha beseni kilionekana hadi mikwaruzo.

Akatazama leso niliyoishika, akashusha sauti ili wateja wasisikie. "Mama, hiyo anaitumia nani?"

Nilirudi nyumbani njia nzima sikumsalimu mtu.

Mzee alikuwa uani anasafisha brashi zake. Nikamwekea ile leso gotini, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikamngoja. Aliikunja, akaitia mfukoni ikiwa mbichi vilevile. Akasema, "Mke wangu, nimeishi na rangi miaka thelathini. Najua ipi inaficha nini."

Daktari ameshamwona mara mbili, kimyakimya. Wanataka alazwe, wamfungue kifua. Amewaambia baada ya harusi. Nilipotaka kupiga kelele alinishika mkono. "Nikilazwa leo, Sindano atafunga duka aje akae kitandani kwangu. Harusi ataivunja, unamjua. Niache nimshike mkono nimwingize ukumbini, basi. Baada ya hapo wanifungue watakavyo, hata wakitaka waweke zipu." Hata hapo anataka kunichekesha. Nilimwahidi kwamba sitamwambia mtoto. Kungoja mwezi wa saba sikumwahidi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nimeivuta harusi mbele. Ni Jumamosi tarehe 29 mwezi ujao, na mvua za masika zitakuwa zimeanza. Sababu ilibidi niitafute mahali ambapo watu wangeiamini bila kuuliza, na nilipojitazama nikaiona palepale. Nikasema kila mtu anaozesha kipupwe, na mtoto wangu hawezi kuwa wa saba kwenye foleni, nataka harusi yetu ifungue mwaka. Wote wameamini. Shangazi amesema makuu yangu yatanilaza barabarani. Mkwe, yule fundi umeme mpole, alikubali huku akitazama viatu vyake. Sindano alilia kwa hasira. "Mama, zile nguo ni za baridi. Mahameli ikinyeshewa inakuwa kama paka aliyetolewa mtaroni. Unataka kuringa kwa mgongo wangu." Nikamjibu kwamba ndiyo, nataka kuringa. Sijawahi kumeza tonge gumu kama lile.

Lakini yule ni mtoto wangu, hasira zake ziko vidoleni. Kwa siku nne ameigeuza harusi yote. Makoti ya mahameli yameondoka. Magauni yamepandishwa upindo hadi juu ya kifundo, viatu vya kufunika vidole, miavuli ya kijivu badala ya maua makavu, na majani mabichi mezani. Damu ya mzee imebaki kwa kuwa jora lilikuwa limeshakatwa. Anasema chini ya wingu la mvua rangi ile itang'aa kuliko alivyopanga mwanzo. Nami naamini. Itakuwa harusi ya kusimuliwa, hilo usilitilie shaka.

Jambo moja tu tumegombana mpaka mwisho. Nimetaka kila mwanamume wa upande wetu awe na leso ya damu ya mzee, na aishike mkononi. Sindano ananiambia leso ya suti hukaa mfuko wa kifuani, ikishikwa mkononi ni ushamba. Ananirudishia maneno yake ya daftarini, kwamba rangi ya tatu isikilize. Nikang'ang'ana kama mtoto anayetaka peremende. Ameshona arobaini akiwa amenuna, hanitazami. Nimekwenda ule ukumbi nikaupima kwa miguu yangu. Kutoka mlangoni hadi mbele ni hatua thelathini na mbili. Kati ya wanaume arobaini wenye leso mkononi, hakuna atakayemwangalia mmoja akijifuta mdomo.

Wiki tano ni chache, na usiku nikizihesabu naziona nyingi. Alhamisi Mzee alisimama mlangoni kwetu, ameshika fremu kwa mikono miwili, muda mrefu. Nilipomuuliza alisema anaangalia kama rangi imekauka. Mlango ule tuliupaka mwaka juzi.

Ndiyo maana sikutumii salamu tu, nakuita. Omba ruhusa kazini, uje kabla ya harusi, ubaki na baada yake. Jumatatu asubuhi, tarehe 31, Mzee anaingia hospitali, ameniapia. Hapo itabidi Sindano aketishwe aambiwe, naye atanigeukia aniulize nilijua tangu lini. Sitaki kuwa peke yangu chumbani atakapouliza. Wewe ni mama yake mdogo, na umefua mashuka ya wagonjwa miaka kumi, kuna mambo unaweza kuyasema bila sauti kukatika. Na kama Mzee hatafika tarehe 29, basi ndiyo zaidi, uje.

Ukiandika kwa Sindano, tafadhali nitukane kidogo. Mwambie dada yako siku zote alikuwa na makuu. Itasaidia.

Wasalimie pacha, baba yao, na yule bibi wa chumba cha jirani anayekuletea ndizi. Mzee anakusalimu, anasema shemeji yake asije na gauni la kijani, atachanganywa na majani ya mezani. Mungu akulinde njiani, akufikishe ukiwa mzima, utukute sote watatu mlangoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapojisifu,

Mama Sindano.

Nilisahau. Humo ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha kitambaa ili ununue viatu vya kuoana nacho. Nimekikata mwenyewe kwenye jora, ni kipya, hakijashikwa na mtu. Kikichafuka njiani kifue bila wasiwasi. Hakichuji.