Sifuri ya Ghorofa ya Nne

Jengo la Tatu,
Chumba cha chini, karibu na ngazi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi, kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Baridi ya huko imekuachia vidole vya kubonyezea kompyuta? Mimi mzima, isipokuwa goti.

Kazi yako nimeisifu mpaka watu wananikimbia. Nawaambia mpwa wangu ni mchambuzi wa takwimu za nyumba za umma. Akitazama namba tu anajua bomba la nani linavuja. Kwa sifa hizo, ofisi ya nyumba ya hapa ikanipa kazi ya kuhesabu wakazi wa majengo yetu matatu. Walidhani kipaji kiko kwenye damu.

Nikamaliza kwa siku moja. Wengine wangetumia wiki. Sasa nikwambie siri ambayo hata mama yako haijui: sikupanda ngazi. Goti langu unalijua. Nilisimama uani nikasoma kamba za nguo. Suruali tatu na nepi, hao wanne. Sare mbili za shule, ongeza wawili. Hakuna profesa aliyewahi kubuni njia hiyo, na karibu kote nilipatia.

Pasipo na nguo niliandika sifuri.

Kumbe yule fundi saa mstaafu wa ghorofa ya nne, anayeishi peke yake, huanika ndani. Aliwahi kuibiwa. Alhamisi kapokea barua: chumba chake ni kitupu, Ijumaa ijayo wanapewa wengine. Miaka ishirini na sita amekaa humo.

Nilikwenda ofisini kama mpita njia.

"Mzee, kompyuta inasema hapo hapaishi mtu," karani akaniambia.

"Na aliyepokea barua?"

"Basi huyo mvamizi."

Nikamshukuru, nikatoka. Mimi, mpwa wangu, nikamshukuru. Kompyuta haikusema kitu, niliisemea mimi.

Uliwahi kuniambia kwenye simu: mjomba, usipojua acha wazi, maana sifuri ni kujua kwamba hapana mtu. Nikacheka, nikasema hayo ni maneno ya kutafutia mshahara.

Jana nikapanda. Ngazi sabini na mbili, goti likilia kama bawaba. Nikamweleza yote. Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Saa yako nimeitengeneza mara mbili," akasema. "Leo unanitafuta kwenye kamba ya nguo?"

Kesho saa mbili asubuhi nasimama mbele ya mkuu wa ofisi. Kazi itaondoka, hilo najua. Ninachohofia ni kwamba hawataniamini, mtu wa hadithi kama mimi, na mzee wa watu atatolewa mimi nikiwa nimesema kweli kwa mara ya kwanza. Barua hii itakufikia mambo yamekwisha, kwa hiyo sikuombi ushauri. Niombee ulimi, usije ukaanza kupamba.

Wasalimie mumeo mpole na shangazi mshonaji. Mama yako nitamwambia mwenyewe, akiwa amekaa.

Nimeinua kichwa sasa hivi, nikachungulia dirishani. Ghorofa ya nne, nje, pameanikwa shati moja jeupe. Halidondoshi hata tone, ni kavu. Nimelihesabu. Mmoja.

Mungu akulinde, wewe na namba zako.

Wako akupendaye, hata akikosea hesabu,
Mjomba.