Sifuri Niliyoiandika

Jumapili, 9 Juni 2019

Nimeandika sifuri. Kwa mkono wangu mwenyewe! "Wasichana wa chini ya miaka kumi na minane waliopata mimba kijijini: 0." Mwenyekiti Ngarambe kaisoma mara mbili, kacheka mpaka magego yakaonekana. Akaniambia, Mama Ketia, mwaka huu kikombe cha kijiji bora ni chetu! Wakaguzi wa wilaya wanakuja tarehe 25.

Nikamuuliza, na Devota je? Ana miaka kumi na sita na tumbo ambalo hata kipofu analiona. Akasema Devota yuko kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto. — Yuko wapi! Leo hii nimemwona anaanika mtama uani kwao. Akasema basi, ataenda kesho, na anayekwenda kesho ni kama ameshakwenda.

Mimi ndiye mjumbe wa ustawi wa jamii hapa. Kazi yangu ni watoto. Viazi vya jioni nimevirudisha chunguni.

Jumatano, 12 Juni

Jioni ya wazazi, mkutano wetu wa kijiji. Nimehutubia mimi, sina haya! Nikasema mtoto wa mwenzio ni wako, ukimkuta njiani na kamasi mfute. Watu wakapiga makofi.

Ndipo akasimama Nyirakamana, bibi yake Devota, aliyemlea tangu mama mtu afariki. Akauliza kwa nini mjukuu wake anafukuzwa. Ngarambe akasema hafukuzwi, bibi yangu, anapumzishwa tu. Bibi akamwambia: Jumamosi ya kazi za kijiji, ya kuchimba mitaro, mnanihesabu. Siku ya kura mlinitafutia na kiti. Leo tumbo la mtoto huyu ndilo limekuwa langu peke yangu?

Kila mtu akaangalia kucha zake. Na mimi za kwangu nikaziangalia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda kwa Devota. Nilitumwa nimbembeleze aondoke — na nikaenda! Nikakuta alishaondoka na alisharudi. Mwenyekiti wa kule kwa shangazi yake kamkatalia. Eti, binti, na sisi huku tuna sifuri yetu.

Nikacheka. Kicheko cha ajabu, kikanitoka tu. Devota hakucheka. Akaendelea kuchambua maharage, miguu imemvimba.

Nikamuuliza habari za yule mwanamume. Kila mtu anamjua, ni yule fundi aliyekuja kujenga tangi la maji, mtu mzima na ndevu zake. Akaniuliza, mama, si wewe ndiye wa kumshtaki? Ndiyo, ni mimi. Lakini nikiandika jina la fundi, lazima niandike na jina la binti, na sifuri inakufa. Kwa hiyo sifuri yangu inamfuga yule mshenzi! Sikuwa nimelifikiria hilo. Au nilikuwa sitaki kulifikiria.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwambia Gasana. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na yote anayaelekeza kwenye mashine yake ya kusaga. Anasubiri barua ya Ngarambe ili apewe kibali. Akasema, mke wangu, wewe ndiye uliyempa mimba? Sasa kiherehere cha nini?

Nimemnunia. Lakini uji wake nimempikia.

Jumanne, 18 Juni

Devota kajifungua. Msichana, kilo mbili na nusu. Wote wazima. Mungu asifiwe.

Alhamisi, 20 Juni

Nyirakamana ametangaza siku ya jina: Jumanne ijayo, siku ya nane. Tarehe 25! Ngarambe karibu apasuke. Akamwendea kumwomba asogeze mbele kwa siku tatu tu. Bibi akamjibu siku ya nane ni ya nane, hata mtoto wa mfalme hasogezewi.

Basi Ngarambe amepita nyumba kwa nyumba. Jumanne watoto wabaki ndani. Na mtoto yule ataingia kwenye daftari la kijiji mwezi wa saba, mambo yakishatulia. Hayumo daftarini — hana maziwa wanayogawiwa watoto wa kijiji, hana kadi ya matibabu. Nikamwambia, mwenyekiti, akiumwa je? Akaniambia nisimwombee mtoto mabaya. Mimi! Na akaongeza, kwa upole sana, kwamba barua ya Gasana iko mezani kwake.

Watoto wasipokwenda, nani atampa jina? Kwetu jina halitolewi na wakubwa peke yao. Watoto wa jirani lazima waje walime mbele ya nyumba na vijembe vyao vya miti, wamwagiwe maji kana kwamba ni mvua, wakimbilie ndani wale maharage, kila mmoja atoe jina lake. Hivyo ndivyo nilivyopewa la kwangu. Hivyo ndivyo alivyopewa hata Ngarambe.

Jumamosi, 22 Juni

Ketia amejichongea kijembe. Ana miaka minane, hajawahi kukosa siku ya jina la mtoto yeyote. Nikamwambia safari hii huendi. Akaniuliza, mtoto kafanya nini? Nikamfokea. Akauliza tena, taratibu, labda alidhani sikusikia. Nikatoka nje nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Najichukia leo.

Jumanne, 25 Juni

Naandika nyuma ya karatasi ya mahudhurio. Haraka haraka.

Asubuhi nilipotoka nikamwacha Ketia ndani, sikufunga mlango wa uani. Nilisahau? Sijui. Naapa sijui.

Wakaguzi walifika saa nne. Wawili, kijana wa kompyuta na mama mmoja mnene mcheshi, ndiye mkubwa. Tukakaa kwenye turubai mbele ya ofisi. Nikasoma taarifa. Nilipofika kwenye sifuri nikanywa maji, nikaisoma. Yule mama akanipongeza! Mjumbe kama wewe ni hazina, akasema. Nikatia sahihi. Akaikunja, akaitia mkobani.

Soda zilikuwa zinafunguliwa ndipo tukasikia. Kutoka nyumba ya tatu ng'ambo ya barabara, kwa kina Devota. Watoto, na si wawili watatu — wengi! Wanapiga kelele: Mvua! Mvua inanyesha! Kimbieni!

Mkaguzi akatazama juu. Jua kali, Juni hii, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatabasamu. Ngarambe akawahi, wanacheza tu, mheshimiwa, watoto wa shule hawa, watundu. Yule mama akamwambia, mwenyekiti, mvua gani ya Juni? Pale kuna mtoto anapewa jina.

Kisha akacheka, akaweka soda chini. Akasema utotoni yeye alikuwa bingwa wa kutoa majina. Watu wa kilima chao kizima walimwita kwenye siku za jina. Twendeni tukale maharage na watoto, akasema, nami nitoe langu. Nataka nimpongeze na mama mzazi. Mjumbe, wewe utanipeleka.

Simu yake ikalia. Sasa anazungumza, anazungukazunguka kwenye kivuli cha ofisi. Mkoba uko begani.

Ngarambe ameninong'oneza. Sema muda hautoshi. Sema yule ni mke wa mtu, ana miaka ishirini na mbili. Sema lolote, Mama Ketia, barua ya mumeo nitaipiga muhuri sasa hivi, muhuri huu hapa! Na kweli ameutoa mfukoni.

Wameanza kutoa majina. Nasikia mmoja mmoja, na kila jina wakubwa wanashangilia. Sauti ya Ketia naijua hata katikati ya mia.

Amekata simu. Anakuja, anavuta kitenge chake, anafurahi kabisa. Ananiuliza: Huyo mama mwenye mtoto anaitwa nani?