Karatasi Iliyoniita Mpole

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe, na shemeji, na wale pacha? Kile kikohozi kimekuachia? Huku mimi ni mzima wa mwili, na Mama anaendelea vizuri. Juzi alitembea hadi mlangoni bila kunishika mkono, akarudi anajisifu.

Ila nina donge moyoni. Nimekasirika, na nimeona heri nikuandikie kuliko kumpigia mtu kelele.

Unajua nina miaka kumi na mmoja pale kiwanda cha sare, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Msimamizi wetu alipostaafu, kila mtu alijua nafasi ni yangu, maana akiugua mimi ndiye niliyekuwa nikipanga zamu. Basi meneja mpya akatuletea maswali ishirini aliyoyatoa kwenye simu, ya kupima tabia. Ukiingia chumba chenye wageni unakaa wapi? Ukigombana na mwenzako unafanya nini? Nilijaza kwa raha zote. Si unanijua, tulivyokuwa tukinyang'anyana kurasa za maswali kwenye majarida ya shangazi.

Kumbe ule ndio ulikuwa usaili. Siku ya tatu akabandika majina ukutani. Mimi nimeandikwa "Mpole, mfuasi mwema." Usimamizi kapewa Mama Vifungo, mwenzetu wa meza ya vifungo, ambaye karatasi yake ilisema "Kiongozi." Sina ugomvi naye. Asubuhi ile ile alikuja kuniuliza, kwa aibu, zamu zinapangwaje.

Jioni nikapanda kwa mpangaji wa juu, yule mwalimu wa saikolojia. Hakunicheka. Alisema watu wanayapenda maswali haya kwa sababu kila mtu anatamani kusikia habari zake mwenyewe, na maneno ya karatasi zile ni mapana, yanamwenea yeyote kama gauni lisilo na kiuno.

"Tena unapojaza," akasema, "mara nyingi unamwandika mtu unayetaka kuwa. Kuna mambo yako ambayo wanaokuona kila siku wanayajua kuliko wewe."

Kesho yake, wakati wa chai, nikaiomba karatasi ya Mama Vifungo, nikawasomea wenzangu sita bila kutaja jina: "Ukipenda unapenda kweli, ukiumizwa unasahau kwa shida, na watu hawajaona bado unachokiweza." Nikauliza, huyu ni nani? Wote sita wakainua mikono.

Nikaenda ofisini kumweleza meneja. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye simu.

"Lakini majibu ni yako," akasema. "Swali la saba, ukionewa unafanya nini? Umeandika, nanyamaza. Mimi sikukujazia."

"Basi leo sinyamazi. Yabandue yale majina, uwaulize walio mezani nani anawaongoza."

Hakuyabandua. Niliyabandua mwenyewe, nikayakunja, nikamwekea mezani pake, nikarudi kukata vitambaa. Wenzangu wakamwandikia mwenye kiwanda, Mama Vifungo akiwa wa kwanza kutia sahihi. Ijumaa likaja jibu. Maswali yamepigwa marufuku, lakini nafasi haibadiliki. Mimi nimepewa onyo kwa maandishi.

Sasa Dada, lile swali la saba linanikosesha raha, kwa sababu nililijibu kweli. Nimejiuliza ni nani aliyenifundisha kuwa mimi ni mpole, na kila nikitafuta nakukuta wewe. Mama alipoanguka, tukakaa jikoni kuamua nani abaki naye. Ukasema, "Abaki mdogo wangu, yeye mpole, ana subira." Nikafurahi kusifiwa. Wiki ile ile ukasafiri, na huu ni mwaka wa nane.

Siku ile nilikuwa na barua mfukoni. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ubunifu wa mavazi, na sikuitoa. Ule haukuwa upole. Niliogopa kuharibu lile jina zuri ulilonipa. Nataka kujua kama uliniona nina jambo, ukanyamaza, au hukuniona kabisa. Niandikie ukweli, usinitumie zawadi. Halafu uje ukae na Mama muhula mmoja, kwa sababu nimeomba nafasi ya masomo tena na safari hii barua ikija nitaifungua mbele ya watu.

Wasalimie shemeji, pacha wote wawili na mama mkwe wako. Mungu awatunze, awape usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira zangu zote.